Mwandishi wa Sherlock Holmes na Kesi Tatu: Edalji, Slater na Kongo

Msomaji aliyepata kuisoma Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960, atamkumbuka Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum anayemfuata huku na huko akiistaajabia akili yake. Wahakiki wa fasihi yetu wamekwisha kueleza mara nyingi kwamba Bwana Msa ana ndugu yake mkubwa huko Uingereza, naye ni Sherlock Holmes. Wanafunzi wangu wanamjua Holmes kwa filamu. Aliyemtunga, Arthur Conan Doyle, wanamjua kwa jina tu, na wengi hushangaa wanapoambiwa kwamba tabibu huyo aliyegeuka mtunzi alitumia miaka mingi ya maisha yake kupigania watu wa kweli waliofungwa kwa makosa ambayo hawakuyatenda, na kwamba mwaka 1909 aliandika kitabu kizima juu ya mauaji ya Kongo.

Nimeamua kuyasimulia maisha hayo kwa sababu yanatupa nafasi ya kujadili jambo linalotuhusu: mtu mwenye jina kubwa hufanya nini anapokutana na dhuluma, na dola hufanya nini inapoonyeshwa kwamba imekosea? Majibu ya maswali haya mawili si mepesi, na Doyle mwenyewe hakuwa malaika.

Kutoka uganga hadi utunzi

Doyle alizaliwa Edinburgh, Scotland, tarehe 22 Mei 1859, katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland. Baba yake alikuwa mlevi, akaishia katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na mzigo wa nyumba ukabaki kwa mama. Kijana alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na huko ndiko alikokutana na mwalimu wake Joseph Bell, daktari aliyekuwa na kipaji cha kumtazama mgonjwa na kumweleza kazi yake na alikotoka kabla hajafungua kinywa. Holmes alizaliwa kutokana na macho ya Bell.

Alipomaliza masomo mwaka 1881, Doyle alisafiri kama daktari wa meli hadi pwani ya Afrika Magharibi. Homa nusura imuue. Katika safari hiyo alikutana Liberia na Henry Highland Garnet, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani, akawa mhubiri na mpiganaji mashuhuri dhidi ya utumwa, na wakati huo alikuwa mwakilishi wa Marekani mjini Monrovia. Baadaye Doyle alikiri kwamba katika pwani nzima hakukutana na mtu mwenye elimu na mazungumzo bora kuliko Garnet. Hata hivyo hakurudi kwao akiwa mpinzani wa ukoloni. Alirudi kijana wa kawaida wa zama za Malkia Victoria, mwenye imani kwamba himaya ya Uingereza ilikuwa neema kwa dunia.

Holmes alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1887 katika A Study in Scarlet, hadithi ambayo Doyle aliiuza kwa pauni 25 tu. Kuanzia mwaka 1891 hadithi fupi katika jarida la The Strand zikamfanya kuwa miongoni mwa waandishi wanaolipwa vizuri zaidi katika nchi yake. Alimchoka Holmes upesi, akamuua mwaka 1893, akalazimika kumrudisha miaka kadhaa baadaye kwa shinikizo la wasomaji na wachapishaji. Kwa jumla aliacha riwaya nne na hadithi fupi 56 za mpelelezi huyo.

Vita vya Makaburu na doa la mwanzo

Haki inatutaka tuanze na lililo baya. Mwaka 1900 Doyle alikwenda Bloemfontein kuhudumu katika hospitali ya askari wakati wa vita baina ya Waingereza na Makaburu. Wakati huo jeshi la Uingereza lilikuwa likichoma mashamba, kisha likawafungia wanawake na watoto katika kambi ambamo zaidi ya Makaburu 20,000 walikufa kwa njaa na maradhi, wengi wao watoto. Waafrika weusi nao walifungiwa kambi zao, na vifo vyao, ambavyo vilifika maelfu kwa maelfu, havikuhesabiwa kwa uangalifu hata huo mdogo. Mwanamke Mwingereza, Emily Hobhouse, alikwenda kuzitazama kambi hizo na kurudi na taarifa iliyowatia viongozi aibu.

Doyle hakumuunga mkono Hobhouse. Mwaka 1902 alitoa kijitabu cha kuitetea serikali yake na mwenendo wa jeshi lake, kikatafsiriwa katika lugha nyingi za Ulaya. Mwaka huohuo mfalme alimtunuku cheo cha Sir. Tulikumbuke hili tutakapofika Kongo.

Kesi ya George Edalji

Katika kijiji cha Great Wyrley, katika jimbo la Staffordshire, aliishi kasisi wa Kanisa la Anglikana aliyeitwa Shapurji Edalji, Mparsi kutoka India aliyeoa Mwingereza. Kwa miaka mingi familia hii iliandamwa na barua zisizo na jina, zenye matusi na vitisho. Mwaka 1903 mtu asiyejulikana alianza kuwachana wanyama matumbo usiku mashambani. Mkuu wa polisi wa jimbo, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimshuku mtoto wa kasisi, hakutafuta mbali. Kijana George Edalji, wakili mwenye umri wa miaka 27, alikamatwa, akashtakiwa kwa kumjeruhi farasi mdogo, akahukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Baba yake alieleza mahakamani kwamba usiku ule mwanawe alilala chumba kimoja naye na mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Hakusadikiwa. George alipokuwa rumande, mnyama mwingine alikatwa vilevile, na hilo nalo halikuwashtua wenye kesi.

Watu wapatao 10,000 walitia saini ombi la kuitaka serikali iichunguze upya kesi hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1906 Edalji aliachiwa baada ya miaka mitatu, bila maelezo, bila kusafishwa jina na bila ruhusa ya kurudi katika uwakili wake. Ndipo alipomwandikia Doyle.

Walipanga kukutana katika hoteli moja ya London. Doyle alichelewa kidogo, na alipoingia alimkuta Edalji akisoma gazeti akiwa amelisogeza karibu kabisa na macho, kwa upande. Daktari aliyewahi kusomea maradhi ya macho alielewa papo hapo: mtu huyu hakuweza kuona mbali. Angewezaje kuvuka mashamba na reli usiku wa kiza, kumtafuta farasi, kumchana na kurudi nyumbani bila kuonekana na polisi waliokuwa doria? Doyle alikwenda Great Wyrley, akaipima njia kwa miguu, akalinganisha udongo wa viatu na udongo wa shamba, akazisoma barua moja baada ya nyingine. Januari 1907 makala zake zilichapishwa katika Daily Telegraph, na aliruhusu magazeti mengine yazichapishe bure.

Serikali iliunda kamati ya watu watatu. Mwezi Mei 1907 Edalji alisamehewa kosa la kumjeruhi mnyama, lakini kamati ikadai kwamba baadhi ya barua aliziandika yeye, hivyo amejiletea balaa mwenyewe na hastahili fidia hata senti moja. Hebu tuitazame hukumu hiyo vizuri. Dola ilikubali kwamba imemfunga mtu miaka mitatu kwa kosa ambalo halikuthibitishwa, kisha ikatafuta kosa jingine, dogo, ambalo hakushtakiwa nalo, ili isilazimike kulipa. Doyle alikasirika kuliko alivyokuwa mwanzo.

Lakini kitu kimoja kilipatikana. Uingereza ya wakati huo haikuwa na mahakama ya rufaa kwa kesi za jinai. Kesi ya Edalji, pamoja na ile ya Adolf Beck aliyefungwa mara mbili kwa kufananishwa na mtu mwingine, zilisaidia kupitishwa kwa sheria ya mwaka 1907 iliyoanzisha Mahakama ya Rufaa ya Jinai. Edalji alirejeshewa uwakili wake na kuufanya kwa miaka mingi. Hatuna budi kusema pia kwamba Doyle, katika ari yake, aliwasilisha serikalini jina la mtu mwingine aliyeamini kuwa ndiye mhalifu, kwa ushahidi ambao haukuwa imara kuliko ule uliomfunga Edalji. Mtetezi naye anaweza kushikwa na ugonjwa anaoutibu.

Kesi ya Oscar Slater

Desemba 1908 bikizee tajiri, Marion Gilchrist, aliuawa nyumbani kwake Glasgow. Pambo la almasi halikuonekana. Polisi walisikia kwamba Oscar Slater, Myahudi kutoka Ujerumani aliyeishi kwa kamari na biashara za mashakani, alikuwa akiuza risiti ya pambo la almasi alilokuwa ameliweka rehani. Ikathibitika mapema kwamba pambo lake lilikuwa jingine, na liliwekwa rehani wiki kadhaa kabla ya mauaji. Kesi ilipaswa kufa hapo. Badala yake polisi walimfuata hadi New York, wakawaonyesha mashahidi picha yake kabla ya kuwaomba wamtambue, na mwaka 1909 jopo la wazee wa baraza 15 likamtia hatiani kwa kura tisa. Kitanzi kilikuwa kimebakiza siku mbili adhabu ilipogeuzwa kuwa kifungo cha maisha.

Doyle hakumpenda Slater, wala hakuyapenda maisha yake. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi kuliko katika kesi ya Edalji, kwa kuwa ni rahisi kumtetea mtoto wa kasisi. Mwaka 1912 alitoa kijitabu kuhusu kesi hiyo, akionyesha kwamba hukumu ilikuwa juu ya tabia ya mtu, haikuwa juu ya kitendo chake. Mwaka 1914 askari kanzu wa Glasgow, John Thomson Trench, alijitokeza na kueleza kwamba kuna ushahidi uliofichwa. Uchunguzi ukafanyika faraghani, ukasema mambo yote yalikwenda sawa. Trench akafukuzwa kazi baada ya utumishi wa miaka mingi, na baadaye akabambikiwa mashtaka ambayo mahakama iliyatupa. Alikufa mwaka 1919 bila kuiona siku ya ukweli. Watumishi wa umma wanaosoma makala hizi watalielewa jambo hili bila mimi kuongeza neno.

Slater alikaa gerezani Peterhead zaidi ya miaka 18. Mfungwa mmoja aliyemaliza kifungo alitoka na ujumbe wake kwa Doyle akiwa ameuficha kinywani. Kampeni ikafufuka, magazeti yakaingia, Slater akaachiwa Novemba 1927, na Julai 1928 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu kwa hoja kwamba jaji aliwapotosha wazee wa baraza. Alipewa pauni 6,000. Kisha yeye na Doyle wakagombana hadharani juu ya gharama za rufaa ambazo Doyle alizidhamini, na urafiki ukafia hapo. Anayetetea watu kwa kutarajia shukrani aisome sura hii mara mbili.

Kongo

Sasa tufike Kongo, mahali ambapo historia ya Doyle inagusana na yetu. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, alikubaliana na Henry Morton Stanley huko Zanzibar kuwa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Miaka mitano baadaye majeshi ya Leopold yaliwapiga vita Waarabu na Waswahili wa mashariki ya Kongo, na dunia ikaambiwa kwamba vita hivyo ni vya kukomesha biashara ya watumwa. Biashara hiyo ilikuwapo kweli, wala si heshima kwetu kuifunika. Lakini aliyejitangaza mkombozi alikuwa akijenga utumwa mkubwa zaidi: vijiji vililazimishwa kuleta utomvu wa mpira wa porini kwa kipimo maalumu, wanawake wakishikwa mateka hadi waume warudi na mzigo.

Askari wa Leopold walitakiwa kuitolea hesabu kila risasi. Ushahidi kwamba risasi imeua mtu, haikutumika kuwinda, ulikuwa mkono wa kulia uliokatwa. Mikono ikawa stakabadhi, na palipokosekana maiti, ilikatwa mikono ya walio hai.

Habari hizi hazikuvumbuliwa na Doyle. Mwaka 1890 Mmarekani mweusi, George Washington Williams, alikwishamwandikia Leopold barua ya wazi akiorodhesha maovu ya dola yake. Baadaye Edmund Dene Morel, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, aligundua kwamba meli zilizorudi kutoka Kongo zilijaa mpira na pembe, na zilizokwenda zilibeba bunduki na risasi. Hapakuwa na biashara, palikuwa na unyang'anyi. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alikwenda ndani kabisa na kuandika ripoti iliyotolewa mwaka 1904. Alice Seeley Harris, mmisionari, alipiga picha, ikiwemo ile ya baba aitwaye Nsala akiutazama mkono na mguu wa binti yake. Mwaka huo Morel na wenzake walianzisha Chama cha Mageuzi ya Kongo.

Doyle aliingia mwaka 1909, wakati Ubelgiji ilikuwa imekwisha kuichukua Kongo kutoka kwa mfalme na watu wengi wakidhani mambo yamekwisha. Aliandika The Crime of the Congo kwa siku chache, kisha akazunguka Uingereza na Morel akihutubia mikutano iliyojaa watu. Mbinu yake ilikuwa ileile ya Edalji: tarehe, majina ya vituo, maneno ya mashahidi, hesabu. Alisisitiza kwamba kubadili bendera si kubadili utawala, na hapo alikuwa sahihi, kwani kazi za kulazimishwa ziliendelea kwa sura nyingine chini ya Ubelgiji.

Lakini mtu huyu aliyeona kwa uwazi mikono iliyokatwa na Wabelgiji ndiye aliyeshindwa kuziona kambi za Waingereza miaka saba kabla. Na dawa aliyoitafuta aliitafuta katika mataifa yaleyale makubwa ya Ulaya. Wakongo kujitawala halikuwa jambo aliloliwazia. Kwake walikuwa watu wa kuhurumiwa.

Na hali Wakongo wenyewe walikuwa wamekwisha kusema. Tume iliyoundwa na Leopold ilipopita Kongo mwaka 1904 na 1905, mamia walijitokeza kutoa ushahidi. Chifu mmoja, Lontulu wa Bolima, aliweka vijiti 110 juu ya meza ya tume, kila kijiti kikiwa mtu wake mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira, akavipanga mafungu: wakubwa, wanaume, wanawake, watoto. Hakuna kazi ya upelelezi iliyo safi kuliko hiyo. Hata hivyo tume ilichapisha ripoti tu; maneno ya mashahidi yalifungiwa katika nyaraka mjini Brussels, na watafiti hawakuyafikia hadi miaka ya 1980. Kitabu cha Doyle kilisomwa na maelfu kwa maelfu. Vijiti vya Lontulu vilingoja miaka 75.

Miaka ya mwisho

Urafiki wa kampeni ya Kongo ulivunjwa na Vita Vikuu vya Kwanza. Morel alipinga vita, na Doyle akaachana naye. Casement aliungana na wapigania uhuru wa Ireland, akanyongwa London tarehe 3 Agosti 1916. Doyle alilichukia tendo lake, lakini aliongoza ombi la kumwokoa na kitanzi, akakataa kurudi nyuma hata serikali ilipomnong'oneza habari za maisha ya faragha ya Casement ili kumvunja moyo. Kwa mtu mwenye mapenzi makubwa kwa himaya, hilo halikuwa dogo.

Baada ya kifo cha mwanawe Kingsley mwaka 1918, Doyle alijitoa mzima katika imani ya kuzungumza na roho za wafu. Aliziamini hata picha za wasichana wawili wa Kiingereza waliodai kuonana na viumbe wadogo wenye mabawa. Mwaka 1929 imani hiyo ilimleta Nairobi kutoa mihadhara. Inasimuliwa kwamba alipoonyesha picha ya mzimu ulionaswa katika nyumba moja ya Uingereza, daktari wa meno aliyekuwa miongoni mwa wasikilizaji alimweleza kwamba mzimu ule ni yeye, aliyejifunika shuka zamani kwa mzaha. Mtu aliyezivunja kesi mbili za uongo kwa kudai ushahidi alikuwa amefika mahali pa kupokea chochote kilichomfariji. Alifariki tarehe 7 Julai 1930.

Tumhesabuje?

Wapo watakaosema kwamba mtetezi wa kambi za Bloemfontein hana haki ya kutajwa kwa wema. Wapo watakaotaka tumsifu kwa Edalji, Slater na Kongo, mengine tuyanyamazie. Mimi naona tusifanye lolote kati ya hayo. Doyle aliona vizuri pale ambapo mkosaji alikuwa polisi wa jimbo, mahakama ya mji au mfalme wa nchi nyingine. Himaya yake ilipokuwa mshtakiwa, macho yake yalikuwa kama ya Edalji. Udhaifu huo si wake peke yake. Wanaharakati wetu nao wapo wanaolaani dhuluma ya jirani kwa sauti kubwa na kuinong'oneza ya nyumbani.

La pili ni kuhusu mamlaka. Katika kesi zote mbili za Uingereza ushahidi wa kutosha ulikuwapo tangu siku ya kwanza: mlango uliofungwa kwa ufunguo, tarehe ya rehani. Kilichokosekana ni ofisa mmoja mwenye cheo na ujasiri wa kusema, tumekosea. Trench alikuwa na ujasiri bila cheo, na tumeona alivyolipwa. Ndiyo maana mahakama ya rufaa ina thamani kuliko huruma ya mtu mashuhuri: Edalji mmoja alimpata Doyle, na wengi waliofungwa kama yeye hawakumpata mtu.

La tatu nawaachia wanafunzi wangu wa historia. Tunapoandika juu ya kampeni za Kongo, tumezoea kuanza na Morel, Casement na Doyle, kwa kuwa vitabu vyao viko rafuni. Safari ijayo anzeni na meza ile ya tume na vijiti vilivyopangwa mafungu manne, kisha muulize ni nani aliyekuwa akifanya upelelezi, na ni nani aliyechelewa kusikiliza.